Kadi Tulizomwachia Mungu

Jamani, leo nimeaibika mbele za Mungu na mbele ya bodi, na wote wawili walikuwa kwenye kikao kimoja.

Nawaandikia nikiwa hapa Juba, mtaa wa Juba Na Bari, nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado viko miguuni. Nawahi kusimulia mwenyewe kwa sababu Otieno naye yumo humu kwenye grupu, na tangu nifungue simu namwona anaandika, anafuta, anaandika tena. Otieno, weka simu chini. Hii ni aibu yangu na nitaisema mimi.

Kwa msiojua, shirika letu ni dogo. Tunafundisha kina mama kushona na kuoka mikate pale mtaa wa Hai Cinema. Otieno ni mhasibu, na mimi ni mratibu wa mipango. Yaani, mpaka leo asubuhi nilikuwa kaimu mratibu wa mipango. Ukaimu wenyewe umekaa mpaka watu wakadhani ni jina langu la ubatizo. Mlinzi wetu hunifungulia geti akisema, "Habari ya asubuhi, Mama Kaimu," na mimi naitika.

Wiki iliyopita Mama Keji akanipigia simu. Huyu ndiye mwenyekiti wa bodi. Aliishi ukimbizini Uganda miaka mingi, akarudi, na sasa ana duka la vitambaa soko la Konyo Konyo. Kiswahili chake alikiokota kulekule, hakina mapambo lakini kinafika.

"Nekesa," akasema, "bodi inataka mpango ya mkakati. Wewe iko na kuongoza hiyo kikao. Kama itakuwa kwes, mimi natoa hii kaimu kwa jina yako. Kama hapana kwes, tunatafuta mtu ingine."

Kwes ni nzuri, kwa Kiarabu cha hapa Juba. Nilishukuru, nikakata simu, nikacheza peke yangu jikoni. Ile sehemu ya mtu mwingine sikuitilia maanani hata kidogo. Mtu mwingine gani? Juba hii yote, nani anaijua SWOT kama mimi?

(Nawauliza hivyo mkijua mwisho wake ni aibu. Lakini jibu langu halijabadilika.)

Basi leo asubuhi nikavaa ile suti yangu ya kitenge, ile ya mabega. Boda aliyenibeba akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Madam, harusi iko wapi?" Nikamwambia siendi harusini, naenda kuongoza SWOT. Hakuuliza ni nini. Akafunga kofia yake vizuri, akasema, "Rabuna awatangulie," yaani Mungu, tukaondoka. Nilimwona ni mtu wa adabu sana. Sikujua ananitabiria.

Ukumbi wetu ni darasa la ushonaji. Tulisukuma vyerehani ukutani, tukapanga viti, nikabandika karatasi kubwa nne. Kwa wale waliolala siku ya somo hili (Otieno), SWOT ni kujiangalia kabla ya kupanga safari. Nguvu zetu ni zipi, udhaifu wetu ni upi, huko nje kuna fursa gani na vitisho gani. Ukishajua hayo manne ndipo unapanga mkakati. Mashirika mengi hubandika hizo karatasi, hupiga picha, halafu huenda kula. Mimi si wa hivyo. Mimi nina utaratibu wangu, na nauonea fahari.

Kwanza tukafungua kwa sala, maana hapa kikao kisichofunguliwa kwa sala watu hukaa wakisubiri kianze, hata kama kimeshafika katikati. Mama Keji akaomba, na anaomba kwa kirefu. Aliombea nchi, mvua, madaraja, oveni yetu, na mama mmoja wa darasa la mikate aliyeungua kidole. Kila alipopumzika tukasema Amina. Ukizoea, unaweza kusema Amina huku unawaza mambo yako, kwa sababu sauti yake hushuka mahali palepale kila mara. Kumbukeni jambo hili.

Halafu nikasimama. Jamani, nilisimama! Nikawapa sheria zangu, nikitembea mbele ya ukumbi na kalamu mkononi.

"Sheria ya kwanza, andika wazi. Usizunguke. Kama tatizo lina jina, litaje. Sheria ya pili, hakuna kuandika jina lako mwenyewe, kwa hiyo usiogope. Sheria ya tatu, kadi inasomwa jinsi ilivyoandikwa, na hakuna kujitetea. Na sheria ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: kila kadi ya udhaifu lazima ipate mwenyewe. Mtu anaandika jina lake juu yake, anaibeba. Kadi isiyo na mwenyewe ni kelele tu!"

Watu walipiga makofi. Mama Keji akatikisa kichwa kukubali, akavaa miwani. Nikaona mabega ya suti yangu yamejaa vizuri.

Nilizungumza kidogo zaidi, kuweka msingi. (Otieno atawaambia ni zaidi ya kidogo.)

Kadi za nguvu zikaja kwenye kikapu cha mikate. Nikazisoma kwa ile sauti yangu ya redioni. "Kina mama wanatupenda." "Mikate yetu inaisha kabla ya saa tatu." "Mipango inaongozwa na mtu makini." Hapo nikatulia kidogo, watu waifurahie.

Mama Keji akainua mkono. "Hii mtu makini ni nani?"

Taban, afisa wetu wa ugavi, mtoto wa hapahapa Juba aliyekulia Arua, akasema taratibu, "Labda ni mimi."

Watu wakacheka. Nikaibandika haraka nikaendelea. (Ile kadi niliiandika mimi. Mwongozaji naye ni mtu, ana haki ya kutoa maoni.)

Zikaja kadi za udhaifu. Hizi, kwa utaratibu wangu, huwa nazipitia kwanza peke yangu dakika chache ili nizipange kwa makundi, ndipo nisome. Watu wakaenda kunywa chai, nami nikabaki na kikapu. Ya kwanza: "Umeme hautabiriki." Sawa. Ya pili: "Joto ukumbini." Kweli. "Barabara ya kwenda mafunzo ya nje haipitiki mvua ikinyesha." Hiyo nayo kweli.

Nikatoa nyingine.

"Nekesa anaongea sana."

Nikaigeuza nione kama kuna maelezo nyuma. Hakuna. Wazi kabisa, haizunguki, tatizo lina jina. Nikatoa inayofuata.

"Nekesa anauliza maoni yetu akiwa ameshaamua."

Nikasema, hapana, huyu ni mtu mmoja ana chuki. Nikatoa nyingine, mwandiko tofauti, kalamu tofauti.

"Nekesa akisema 'kwa kumalizia', chai inapoa."

Nikachungulia nje. Wako wote kivulini na vikombe vyao, wanacheka na kupeana sukari. Yupi? Taban? Yule mwalimu wa mikate mwenye upole? Otieno alinipungia mkono. (Otieno, mwandiko wako naujua. Tutaonana.)

Sasa nifanye nini? Sheria nimetunga mimi. Kadi inasomwa jinsi ilivyoandikwa. Lakini leo, siku bodi inaangalia kama natosha, nisimame nisome kwa sauti ya redioni kwamba chai inapoa kwa sababu yangu? Niliumia, nisiwadanganye. Nilidhani wananipenda. Nimewapigania hawa watu mpaka wakapata matangi ya maji.

Ndipo akili yangu ikanipa wazo, na kwa kweli nililiona la kitaalamu. Kwenye kona ya karatasi ya udhaifu huwa naacha sehemu ya mambo yaliyo nje ya uwezo wetu, kama joto na umeme. Hayo hayapewi mwenyewe. Nikazichukua zile kadi zangu tatu, nikazibandika huko, chini ya "Joto" na "Umeme" na "Barabara", maandishi yakiangalia ukuta. Nikazisawazisha na kiganja. Kitaalamu, kuongea kwangu ni kitu ambacho shirika haliwezi kukizuia. Nani angebisha?

Watu wakarudi. Kadi nyingine nikazisoma zote, na zote zikapata wenyewe. Mwalimu wa kushona akabeba "tunachelewa kuanza". Otieno akabeba "taarifa zinachelewa", akaandika jina lake huku masikio yamemwiva. Nikamsifu mbele ya watu kwa ujasiri wa kukubali udhaifu wake. Ndiyo, mimi. Nilitoa hata hotuba fupi juu ya ujasiri.

Taban akanyoosha kidole kwenye kona. "Na hizi za huku? Mwenyewe ni nani?"

"Hizo ziko nje ya uwezo wetu," nikasema. Halafu ulimi wangu, huu huu, ukaongeza, "Hizo tumwachie Mungu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilijipenda. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Keji alitazama ile kona kwa muda, akasema, "Kwes," akaandika kitu kwenye kiganja chake.

Mchana ulikuwa mzuri, na hapa siongezi chumvi. Tulichukua nguvu zetu tukazielekeza kwenye fursa, tukaangalia ni udhaifu upi utatuumiza vitisho vikija, na jioni mkakati ukasimama pale ukutani, unasomeka. Kina mama watauza mikate hotelini wenyewe badala ya kupitia dalali. Darasa la kushona litahamia sare za shule. Watu walibishana, wakakubaliana, wakabishana tena. Mjumbe mmoja wa bodi ambaye husinzia kila kikao leo hakusinzia. Nilisimama kando nikaangalia ule ukuta na moyo ukanijaa. Mambo mengine yaelezeni mnavyotaka, lakini ile kazi ilikuwa safi.

Ikabaki kufunga. Mama Keji akasema, "Kwanza tunaomba. Halafu mimi nasema neno kwa Nekesa."

Neno! Hotuba yangu ya shukrani ilikuwa tayari, nimeipanga tangu wiki iliyopita. Watu wakasimama, wakafumba macho. Nami nikafumba, nikaanza kuirudia kichwani. Waheshimiwa wajumbe wa bodi, wafanyakazi wenzangu...

"Ya Rabuna," Mama Keji akaanza, "asante kwa hii siku. Asante kwa hii nguvu yote iko kwa ukuta."

"Amina."

...ni kwa unyenyekevu mkubwa nasimama mbele yenu...

"Wabariki hii watu wamebeba kadi zao."

"Amina."

"Na sasa, Rabuna, iko hizi kadi zimebaki. Mratibu amesema tunaachia Wewe. Basi mimi naleta kwako, moja moja, vile iko."

"Amina."

...safari yangu haikuwa rahisi... Nilisikia karatasi ikibanduliwa ukutani. Sikujali. Nilikuwa aya ya tatu.

"Joto."

"Amina!"

"Umeme."

"Amina!"

"Barabara ya mvua."

"Amina!"

...namshukuru kipekee mama yangu mzazi... Karatasi nyingine ikabanduka. Pakawa na kituo kidogo, kama mtu anayesawazisha miwani. Sauti ikashuka mahali pale pale pa siku zote.

"Nekesa anaongea sana."

"AMINA!"

Ilikuwa sauti moja. Ya redioni. Yangu.

Jamani! Nilifumbua jicho moja. Watu wote wamefumba macho kwa nguvu, midomo imebanwa. Mabega ya Otieno yanatikisika. Taban ameuma mkono wa shati lake. Mbele, Mama Keji amesimama na miwani yake, macho wazi, kadi mkononi, analeta mambo yangu mbinguni bila haraka.

"Rabuna, ya pili. Nekesa anauliza maoni yetu akiwa ameshaamua."

"Amina," wakasema wote. Wote! Hata mjumbe anayesinzia. Hata mlinzi, mlangoni, ambaye hakuwa kwenye kikao. Tangu nijiunge na shirika lile sijawahi kuona umoja wa namna hiyo.

"Ya tatu. Nekesa akisema kwa kumalizia, chai inapoa. Rabuna, Wewe unajua hii chai. Mguse hii mtoto kwa ulimi. Hapana kata. Gusa tu."

"AMINA!"

Nilitamani niingie chini ya cherehani nijishone nisionekane.

Sala ikaisha. Macho yakafumbuka, lakini hakuna aliyejua ayaweke wapi. Mama Keji akanigeukia na zile kadi tatu mkononi. Uso wake haukuwa na mzaha, wala haukuwa na ubaya.

"Nekesa. Mungu amesikia. Lakini hizi kadi mimi naona si ya joto. Iko na mwenyewe ama hapana?"

Hapo ndipo nilipoona wazi yule mtu mwingine aliyetajwa na Mama Keji kwenye simu anakaribia kiti changu.

Maelezo nilikuwa nayo. Mazuri, yaliyopangika. Ningeanza na historia ya vikao vyetu, nikaja kwenye sababu za kitaalamu za kurudia jambo, nikagusia utamaduni wa kunywa chai mapema mno. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo. Na nikaona kitu: ukumbi mzima, bila kupanga, uligeuza shingo kuangalia birika mezani.

Nikaufunga mdomo.

Nikamwendea Mama Keji, nikapokea kadi. Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu kwenye ya kwanza. Nekesa. Kwenye ya pili. Kwenye ya tatu. Nikaenda ukutani, nikazibandika katikati ya karatasi ya udhaifu, kando ya ile ya Otieno, maandishi yakiangalia watu. Sikusema kitu. Mnaonijua, rudieni kusoma hapo: sikusema kitu.

Aliyeanza kupiga makofi ni Taban.

Mama Keji akangoja yaishe. "Mimi nilitaka kuona kama huyu mtu anaweza kubeba yake," akawaambia wajumbe wa bodi. "Kazi anajua. Hiyo mimi sikuuliza. Ukuta inaongea." Akanigeukia. "Kaimu, kalas. Imekwisha. Kutoka leo wewe ni mratibu. Sasa sema neno. Lakini, mtoto yangu... kidogo."

Nilikuwa na hotuba kwenye mkoba. Ina mwanzo, kati na mwisho, na imenukuu watu. Nikaangalia zile nyuso, zingine ndizo zilizoniandikia zile kadi, na zote zilikuwa zinanitakia heri. Machozi yakanilenga.

"Asanteni," nikasema. "Twendeni tukanywe chai ingali moto."

Jamani, makofi yale! Vyerehani vilitikisika. Yule mwalimu mpole wa mikate alipiga vigelegele. Otieno alinikumbatia, akaninong'oneza, "Wueh, mathe, hiyo ndiyo hotuba kali umewahi kutoa." Na nikamjibu kwamba najua. Chai nayo niliinywa ikanichoma ulimi, mara ya kwanza tangu nifike ofisi ile. Nikitoka, mlinzi akafungua geti, akasimama wima kama askari wa gwaride, akasema, "Usiku mwema, Mama Mratibu." Kisha akashindwa kujizuia: "Amina."

Basi ndiyo hivyo. Nimeaibika, na nimethibitishwa kazini, na sioni sababu ya kuchagua moja. Mkinicheka nitajua, maana Otieno hawezi kuficha. Mkiniombea, ombeni kimoyomoyo tafadhali. Na kwa kumalizia ningependa kusema kwamba...

Hapana. Chai inapoa.